Gari la mpakani halichakazwi na kilomita peke yake

Mfanyabiashara anayevusha vitunguu, mitumba au unga kutoka upande mmoja wa mpaka hadi mwingine anajua bei ya kila kilichomo ndani ya gari lake. Muulize bei ya gunia la karoti leo, atakujibu kabla hujamaliza swali. Muulize oili iliyomo kwenye injini ni ya namba gani, wengi watasema fundi ndiye anajua. Ukimfuata fundi, naye atakuambia aliweka ile nzuri, ile nzito.

Hapo ndipo fedha zinapovuja. Probox, Noah, HiAce au Canter ya mfanyabiashara ni mtaji kuliko hata mzigo anaoubeba, maana mzigo ukiharibika utanunua mwingine wiki ijayo. Injini ikishika kati ya Lusahunga na Rusumo huku nyuma kuna matunda yaliyoiva, umepoteza mzigo, umelipa gari la kuvuta, na kwa wiki mbili au tatu wateja wako wa ng'ambo wananunua kwa mwingine. Injini nyingi zinazokufa namna hiyo hazikufa kwa uzee. Zilikufa kwa oili isiyo yake, au oili yake iliyokaa mno, au kwa vumbi lililopita pembeni ya filta.

Tuanze na hesabu ya lini ubadilishe. Toyota inawaambia wateja wake nchini Japani kwamba gari la petroli lisilo na tabo libadilishwe oili kila kilomita 15,000 au mwaka 1, lipi litangulie. Lakini kwa gari linalofanya kazi ngumu inapunguza nusu: kilomita 7,500 au miezi 6. Na kazi ngumu kwa maelezo yao ni ipi? Barabara mbovu au yenye vumbi, milima mingi, safari nyingi kwa mwaka, mwendo wa polepole wa muda mrefu, na injini kunguruma gari likiwa limesimama. Mtu akisoma orodha hiyo atadhani imeandikwa na dereva wa Katuna. Kwa hiyo mazoea ya mafundi wetu ya kusema kilomita 5,000 si woga wala tamaa ya biashara, hasa kwa gari lililokwisha kuzeeka na ambalo historia yake kabla ya kuingia bandarini huijui.

Tatizo ni kwamba hata hizo 5,000 tunazisoma kwenye dashibodi, na dashibodi haihesabu foleni. Ni kweli vituo vya pamoja vya mpakani kama Namanga, Busia, Malaba, Mutukula na Rusumo vimepunguza kusubiri, lakini hakuna anayevuka mara kwa mara ambaye hajawahi kukaa na injini ikinguruma, akisogea hatua mbili na kusimama. Ford, katika miongozo ya magari yake ya kazi, imekuwa ikihesabu saa 1 ya injini kunguruma bila mwendo kuwa sawa na kilomita 40 hadi 53 za safari. Chukua hiyo ndogo. Ukivuka mara 4 kwa wiki, na kila mara injini ikanguruma saa 3, umepata saa 12, yaani kilomita 480. Kwa mwezi ni karibu kilomita 2,000 ambazo dashibodi haikuziandika hata moja. Anayebadilisha oili kila baada ya miezi 3 akiamini ametembea kilomita 5,000, injini yake imefanya kazi ya zaidi ya 10,000.

Kunguruma kunaumiza kwa sababu injini haipati joto la kutosha wala hewa ya kupita kuipoza vizuri. Petroli isiyoungua yote huteremka kwenye oili na kuifanya nyepesi. Kwenye dizeli ni masizi yanayojaa. Dawa ya kwanza haina gharama: foleni ikisimama zaidi ya dakika chache, zima gari. Isipokuwa kama gari lina tabo na umetoka kupanda mlima mrefu; hapo liache lingurume dakika moja au mbili tabo ipoe, ndipo uzime.

Sasa hilo neno "nzito". Imani kwamba oili nzito ndiyo inayolinda injini tuliirithi tangu enzi za Peugeot 504 na Land Rover za zamani, injini zilizokuwa na nafasi pana kati ya vyuma na zilizovuja hata zikiwa mpya. Kwa injini hizo oili namba 40 isiyo na herufi W ilifaa. Injini ya 1NZ iliyomo kwenye Probox nyingi, kwenye Corolla na kwenye magari mengine madogo ya Toyota, ni ya ukoo mwingine. Ina mfumo wa VVT-i unaosukumwa na oili yenyewe kupitia matundu membamba yenye kichujio kidogo. Ukiijaza oili nzito kupita kiasi, asubuhi inachelewa kufika juu, na sekunde hizo za kwanza baada ya kuwasha ndizo vyuma vinaposuguana zaidi.

Namba zilizo kwenye galoni zinasomeka hivi. Katika 5W-30, sehemu yenye W inaeleza oili inavyotiririka kwenye baridi, na namba ya pili inaeleza uzito wake injini ikiwa imepata moto. Vipimo hivyo viliwekwa na chama cha wahandisi wa magari cha Marekani, SAE. Kadiri namba ya W inavyopungua, ndivyo oili inavyowahi kufika panapotakiwa gari likiwashwa alfajiri. Anayelala Njombe, Limuru au Kabale anajua asubuhi za huko. Lakini 5W-30 na 10W-30, zikishapata moto, ziko kundi moja la uzito. Na 20W-50 inabaki nzito zaidi ya zote hizo hata ikiwa moto.

Je, 20W-50 ni mbaya? Hapana. Gari la zamani lililotembea sana, linalokula oili na kufanya kazi Mombasa au Dar es Salaam, linaweza kuihitaji. Vitabu vingi vya magari vina mchoro wa jotoridi unaoonyesha oili zinazoruhusiwa kwa kila hali ya hewa, na kwa nchi za joto mchoro huo huwa mpana. Kwa Probox iliyo nzima, isiyotoa moshi, ningeanza na 5W-30 au 10W-30. Ikianza kupungua oili kati ya huduma mbili, ningepanda hadi 10W-40 kabla ya kufikiria 20W-50. Kuruka moja kwa moja kwenye oili nzito kwa sababu tu jirani anaitumia ni kumpa mgonjwa dawa ya mwenzake.

Herufi zinazofuata ndizo watu huzipita bila kuzitazama, na kwa maoni yangu ni muhimu kuliko jina la kampuni. Tafuta neno API, yaani Taasisi ya Petroli ya Marekani. Herufi mbili zinazoanza na S ni za injini za petroli; zinazoanza na C ni za dizeli. Herufi ya pili inavyosonga mbele katika alfabeti, ndivyo oili inavyokuwa ya viwango vipya zaidi. SP, kwa mfano, ilianza mwaka 2020. Upande wa dizeli, CI-4 ilianza mwaka 2002 na CK-4 mwaka 2016.

Nenda sasa kwenye rafu ya chini ya duka lolote la spea, penye galoni za bei rahisi. Utakuta nyingi zimeandikwa SF/CC au SF/CD. API yenyewe inaonya kwamba SF haifai kwa injini nyingi za petroli zilizotengenezwa baada ya mwaka 1988. Probox ya kwanza ilitoka kiwandani mwaka 2002. Muuzaji hajakudanganya, maana kila kitu kimeandikwa pale. Ni wewe uliyenunua oili ya gari la babu yako. Kwa petroli, SL iwe ndiyo ya chini kabisa, na SN au SP ikipatikana chukua hiyo. Kwa HiAce au Canter ya dizeli yenye tabo, usishuke chini ya CI-4.

Wenye magari mapya kidogo ya dizeli wawe macho zaidi. Mazda za Skyactiv-D na baadhi ya HiAce za karibuni zina chujio la masizi kwenye bomba la moshi. Magari hayo yanataka oili isiyoacha majivu mengi, ambayo Wajapani huiandika DL-1 kwa magari madogo na DH-2 kwa malori. Ukiweka oili ya kawaida ya lori, chujio linaziba polepole, taa inawaka, na mwisho fundi anakushauri ulikate. Mengi ya machujio hayo yangeishi kama mwenye gari angesoma galoni.

Jambo dogo kuhusu kiasi. Injini ya 1NZ inachukua lita 3.7 ikibadilishwa pamoja na filta ya oili. Galoni ina lita 4. Mafundi wengi humimina yote ili mteja aone kwamba hakuibiwa, na mteja huondoka ameridhika. Oili iliyozidi inapigwa na mtaimbo wa injini unapozunguka, inatoa povu, na povu halilindi chuma. Mwambie fundi asimame kwenye alama ya juu ya kijiti cha kupimia, gari likiwa mahali tambarare, kisha ubaki na kilichosalia. Hicho ndicho akiba yako ya kuongezea njiani, oili ileile, bila kuokota chochote barabarani. Filta ya oili ibadilishwe kila mara oili inapobadilishwa. Haina mjadala, na wala si ghali.

Tuje kwenye filta ya hewa, ambayo ndiyo inayodharauliwa kuliko vyote na ndiyo inayoua kimyakimya.

Injini ya lita 1.5 ikizunguka mara 3,000 kwa dakika na dereva amekanyaga mafuta hadi mwisho, inavuta hewa inayokaribia lita 2,000 kila dakika. Hewa hiyo, nyuma ya lori kwenye barabara ya vumbi, imejaa mchanga laini. Unywele wa binadamu una unene wa kama mikroni 70. Chembe zinazoharibu injini zaidi ni zile za mikroni 5 hadi 20, ambazo hata huzioni. Ni ngumu kuliko chuma cha ringi, na zinaingia sawasawa kwenye nafasi iliyojazwa na utando wa oili. Zikiingia, zinakwaruza silinda, oili inapanda juu na kuungua, na wewe unaanza kuona moshi wa bluu. Ndipo fundi anapokushauri uweke oili nzito zaidi, na mambo yanazunguka palepale.

Usijidanganye kwamba njia yako yote sasa ni lami. Barabara zetu kuu zinajengwa na kukarabatiwa kila mara, na njia ya mchepuko ya kilomita 10 nyuma ya msafara wa malori inaleta vumbi kuliko kilomita nyingi za lami. Wanaoingia Goma wanajua vumbi jeusi la mawe ya volkano; Nyiragongo ililipuka mara ya mwisho mwezi Mei 2021, na mji umekaa juu ya miamba iliyoganda ya milipuko kama hiyo. Vumbi la namna hiyo ni msasa.

Wengi wanaamini kwamba filta chafu inakula mafuta. Kwa gari la kabureta ni kweli. Kwa gari la petroli la kisasa lenye kompyuta, watafiti wa maabara ya Oak Ridge ya Marekani walipima mwaka 2009 wakakuta kwamba filta iliyoziba haikubadilisha sana matumizi ya mafuta. Kilichopungua ni nguvu ya kuongeza mwendo. Kompyuta hupunguza petroli kulingana na hewa inayopita. Kwa hiyo usisubiri bei ya mafuta ikuambie kwamba filta imechoka, haitakuambia. Dizeli ndiyo itakuonyesha, kwa moshi mweusi na uvivu wa kupanda mlima ukiwa na mzigo.

Na kuna jambo linaloshangaza wengi: filta iliyochafuka kidogo huchuja vizuri kuliko mpya, kwa sababu vumbi lililokwisha kukaa linaziba vitundu vikubwa. Maana yake, kuipuliza kila wiki kwa kompresa si usafi, ni uharibifu. Upepo mkali unatanua na kutoboa karatasi. Fundi akiipuliza kutoka nje kwenda ndani, anasukuma vumbi upande wa injini. Ikibidi kabisa kupulizwa, iwe kwa upepo mdogo, kutoka ndani kwenda nje, mdomo wa bomba ukiwa mbali. Kuiosha filta ya karatasi kwa maji au petroli ni kuitupa huku ukiendelea kuitumia. Na yule anayeitoa kabisa ili gari "lipumue" hana tofauti na anayemimina mchanga kwenye silinda kwa kijiko.

Lakini adui mkubwa kuliko uchafu ni mwanya. Filta mpya ya bei kali iliyokaa vibaya kwenye nyumba yake haina kazi, maana hewa hufuata njia rahisi. Klipu zimevunjika, kifuniko kimefungwa kwa mpira wa baiskeli, bomba la kwenda kwenye injini limepasuka chini mahali pasipoonekana: hapo ndipo mchanga unapita. Kipimo chake ni rahisi na unaweza kukifanya mwenyewe ukisubiri karatasi zako za forodha, injini ikiwa imezimwa. Toa bomba lililo baada ya filta, pitisha kitambaa cheupe ndani yake. Kitambaa kikitoka na vumbi kavu, kuna mwanya, na hata ungenunua filta gani leo haitakusaidia mpaka uuzibe. Kwenye Canter na Fuso, tazama chini ya nyumba ya filta. Pana mdomo mdogo wa mpira ambao kazi yake ni kudondosha vumbi na maji. Ubonyeze kila siku. Mara nyingi utakuta umeanguka zamani na tundu liko wazi.

Ibadilishwe lini? Wanaopita vumbi kila wiki, waikague kila oili inapobadilishwa na wasivushe kilomita 10,000 nayo hata kama inaonekana safi. Anayetembea lami tupu anaweza kufika 20,000.

Kwa kununua, mfanyabiashara wa mpakani ana bahati ambayo wengine hawana: anaona masoko mawili, na thamani ya sarafu ikiyumba anajua upande upi ni nafuu wiki hii. Bado, linganisha herufi kabla ya bei. Kampuni moja huuza oili za madaraja tofauti zenye galoni za rangi inayofanana, na ile rahisi ya ng'ambo huenda ni SF wakati ya kwenu ni SN. Andika namba ya chasisi kwenye karatasi ukae nayo. Probox zinafanana kwa macho, lakini NCP50 ina injini ya lita 1.3 na NCP51 ya lita 1.5, na NCP160 ya kuanzia mwaka 2014 ina giaboksi ya CVT inayotaka mafuta yake maalumu. Wapo waliomimina ATF ya kawaida humo wakajuta.

Maneno nayo hubadilika njiani. Dar es Salaam utasema unataka servisi, na Nairobi watakuelewa. Ukifika Bujumbura, Goma au Bukavu, sema unataka vidanje, ndiyo kubadilisha oili, na filta ya hewa wataiita kwa Kifaransa chao. Simama pale mpaka uone galoni ikifunguliwa mbele yako.

Kuona ikifunguliwa ni muhimu kwa sababu oili bandia haikosi katika masoko yetu, na njia yake kubwa ni galoni halisi iliyojazwa upya. Pete ya kifuniko iwe haijakatika, karatasi ya ndani iwe imebanwa sawasawa, namba ya toleo iwe imechapwa kwenye galoni na isifutike kwa kidole. Tafuta alama ya ubora ya TBS, KEBS, UNBS au shirika la nchi husika. Kwa sheria ya viwango ya Jumuiya ya mwaka 2006, alama ya nchi mwanachama moja inatakiwa kutambuliwa na nyingine. Usipime oili kwa kuisugua vidoleni wala kwa rangi, maana bandia huwekwa rangi nzuri kuliko halisi. Chukua risiti yenye jina la duka, na ikiwezekana nunua upande unaoishi, ambako unaweza kurudi kudai.

Kisha, fundi akimaliza, usimwachie galoni tupu. Kuna watu wanaozinunua, na hawazinunui kwa ajili ya maji. Itoboe kwa bisibisi pale pale gereji, chini na ubavuni, ndipo uondoke.